Motisha Haijawahi Kumaliza Hadithi

Wacha nianze kwa kukiri dhambi, ndio mkianza kunirushia mawe mjue la kwanza nilijirushia mwenyewe.

Mwaka juzi niliweka hapa video yangu nikiandika. Wengi mliiona. Kikombe cha chai kinatoa mvuke, mshumaa unawaka, mvua inasikika nje, vidole vyangu vinakimbia kwenye laptop kama vya mtu anayefukuzwa. Juu nilikuwa nimeandika: “Saa kumi na moja asubuhi. Ndoto haijiandiki yenyewe.” Mkanipa mioyo. Mkaniambia nimewatia nguvu.

Ukweli ni huu. Ilikuwa saa nane mchana, pazia limefungwa. Mvua ilitoka YouTube. Na kitu nilikuwa nachapa kwenye ile laptop ni jina langu. Jina langu tu, mara mia. Siku hiyo sikuandika hata sentensi moja ya hadithi, na bado hiyo video imetazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuandika.

Kwa hivyo nikisema biashara ya motisha ni ulaghai, siongei kama mtu wa nje. Nimekuwa ndani ya duka. Nimeuza.

Nisikilizeni, nyinyi wote mko na hadithi imelala kwenye simu tangu mwaka jana. Shida yenu si kukosa motisha. Motisha mnayo kibao. Kila siku mnaipokea bure, video kumi kabla ya kutoka kitandani. Mkiizima hiyo ya mwisho mnasikia joto fulani kifuani, mnasema “leo ndio leo”, halafu mnafungua ingine. Hilo joto ndilo bidhaa. Limetengenezwa ili urudi kwa anayeliuza, halijatengenezwa ili uende ukaandike. Mtu akienda kuandika, si atakuwa ameacha kutazama?

Sasa ya pili, na hii inaniuma zaidi.

Nilitoka chuo mwaka wa pili. Mnajua ile stori niliwapa: ati niliacha digrii nifuate uandishi. Inasikika vizuri, na ilinipa wafuasi. Lakini sikuacha chuo kwa ajili ya sanaa. Karo ilinishinda. Muhula ukapita, mwingine ukapita, nikaona aibu kurudi. Uandishi niliuvaa baadaye, kama koti la kufunika shati lililoraruka.

Na hapo nikapata kile kitu kila mtu anayeandika kwa muda wa ziada hulilia: muda. Miezi saba bila darasa, bila kazi, bila bosi. Riwaya nilikuwa nayo kichwani, kuhusu kondakta wa matatu anayeokota bahasha yenye karo ya mtoto wa wenyewe. Nilikuwa na mwanzo, nilikuwa na mwisho. Miezi saba, wasee. Mnajua niliandika kurasa ngapi? Kumi na moja. Na mbili kati ya hizo zilikuwa za shukrani.

Mama yangu huuza mboga mtaani kwetu Umoja. Jioni moja nilikuwa nimesimama kando ya meza yake nikimweleza venye hiki kitabu kitabadilisha mambo. Alikuwa anamkatia mteja sukuma. Hata hakuinua kichwa. Akaniuliza: “Sasa wewe unaandika, ama unasema tu unaandika?”

Sikumjibu. Kusema kweli nilikasirika. Lakini kuanzia siku hiyo nilianza kumtazama.

Mama huamka saa tisa usiku kwenda Marikiti. Hajawahi kuniambia anahisi motisha ya kwenda Marikiti. Hajawahi kuniambia haihisi pia. Hilo swali halipo. Mvua ikinyesha anaenda na karatasi ya nailoni kichwani. Mgongo ukimuuma anaenda, ila ananunua kidogo: badala ya gunia, nusu, badala ya nusu, kikapu. Lakini meza haikai tupu. Anajua mteja akiikuta tupu siku tatu mfululizo, anahamia kwa jirani na harudi.

Hapo ndipo nilielewa kile hakuna nabii wa mtandaoni alikuwa amenifundisha. Siku Mama amechoka, hapunguzi siku. Anapunguza mzigo.

Hadithi iko hivyo hivyo. Wahusika ni kama wateja. Ukiwaacha wiki tatu, ukirudi huwajui tena. Hukumbuki kondakta alikuwa anaogopa nini, hukumbuki kwa nini mke wake alikuwa hamsemeshi. Unatumia siku nzima kusoma ulikotoka, unachoka, unafunga. Halafu unasema umekosa msukumo. Hapana. Uliacha meza tupu.

Sai nafanya kazi kwenye saiba, siku sita kwa wiki, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Naprinti, naskani, natengeneza CV, nasaidia watu kupata KRA PIN. Mwisho wa Juni, nchi nzima inapokumbuka mambo ya ushuru siku ya mwisho, foleni inafika kwenye ngazi. Usiku nahariri video za watu wengine. Muda wangu wa kuandika ni dakika ishirini na tano, kati ya kufungua mlango na mteja wa kwanza. Maneno 200. Basi.

Najua kuna mtu anacheka. Maneno 200 ni nini? Kuna watu huniandikia komenti ndefu kuliko hiyo. Sawa, tupige hesabu. 200 mara siku sita ni 1,200 kwa wiki. Kwa wiki 52 ni 62,400. Hiyo ni riwaya. Toa robo ya mwaka kwa malaria, mazishi na stima kupotea, bado unabaki na zaidi ya 46,000. Mimi sina hesabu zingine za kuwashangaza nazo, ila hizi zangu: miezi saba ya uhuru ilinipa kurasa kumi na moja. Miezi minane ya saiba imenipa maneno 36,000.

Mambo mawili yamenisaidia, na hayahitaji mshumaa.

La kwanza: nakata katikati ya sentensi. Maneno 200 yakifika, nasimama hata kama kondakta ameinua mguu hajaushusha. Asubuhi inayofuata sina haja ya kutafuta pa kuanzia. Mguu unaningoja.

La pili: usifulize maneno. Jana ukikosa 200 zako, leo usijaribu kuandika 400. Ukishindwa na hizo, kesho ni 600, keshokutwa ni 800, na utaanza kulikwepa daftari venye watu hukwepa mwenye nyumba tarehe tano. Ya jana imesamehewa. Leo ni 200. Ukiwa umeisha kabisa, leo ni 50. Ukiwa kitandani na homa, leo ni sentensi moja. Mzigo unashuka, siku inabaki.

Sasa nigeukie manabii wenyewe.

Kuna watu hapa wanawaambia muamke saa kumi alfajiri, muoge maji baridi, muandike masaa matatu, na usipoweza basi hujataka vya kutosha. Buda, kuna mtu anakusoma akiwa kwenye nyumba ya chumba kimoja na wadogo zake wanne. Akiwasha taa saa kumi, nyumba nzima imeamka. Kuna msichana ambaye wakati huo yuko kwenye foleni ya maji na mitungi miwili. Kuna mtu ambaye simu yake ndiyo laptop yake, na kioo kimepasuka upande wa herufi “a”. Ukimwambia huyo hana nidhamu, unamtusi. Nidhamu anayo kukuliko. Kile hana ni chumba.

Halafu wanamleta Ngũgĩ. Ati Ngũgĩ wa Thiong’o aliandika riwaya kwenye karatasi za choo, wewe na simu yako unalia nini? Ni kweli. Mwaka 1978, akiwa kizuizini Kamiti, aliandika Caitaani Mũtharaba-Inĩ kwenye karatasi za choo. Lakini Ngũgĩ hakufungiwa ili wewe upate maneno ya kuweka juu ya video ya jua likizama. Na alipoingia mle tayari alikuwa ameandika riwaya nne. Mkono ulikuwa umezoea njia. Funzo lake si ati mateso humfanya mtu awe mwandishi. Mateso mengi hayaandiki chochote, yanaumiza tu. Funzo ni kwamba aliandikia karatasi iliyokuwepo. Kama karatasi yako ni simu iliyopasuka, andikia hiyo, kwenye matatu, jamu ya Jogoo Road ikikushika. Jitumie kwa WhatsApp usiipoteze. Lakini asije mtu akakuambia huna haki ya kuchoka.

Na hii aibu ya kuandika “kwa muda wa ziada” ilitoka wapi? Nani aliwaambia mwandishi halisi ni yule ameacha kazi?

Margaret Ogola alikuwa daktari wa watoto. Aliwatibu watoto yatima wenye virusi vya Ukimwi, akalea wake nyumbani, na The River and the Source ikatoka mwaka 1994. Mwaka uliofuata ikashinda Tuzo ya Jomo Kenyatta, na baadaye dada na kaka zetu wakaisoma kwa KCSE. Shaaban Robert, yule tunayemwita baba wa fasihi ya Kiswahili, alikuwa karani wa serikali, miaka mingi kwenye forodha huko Tanganyika. Ken Walibora, aliyetupa Siku Njema mwaka 1996, alikuwa mwalimu na msomaji wa habari kwenye televisheni. Hawa wote walikuwa na kazi ya mchana. Hakuna aliyeiita kikwazo akaketi chini kungoja iondoke.

Mimi nasema kazi ndiyo inalinda hadithi. Siku riwaya yako italazimika kulipa kodi ya nyumba mwezi huu, utaandika chochote kinachouzwa wiki hii. Saiba ikilipa kodi, kondakta wangu anaweza kufanya kile angefanya kweli.

Tena kazi inalisha hadithi. Kuna siku mzee mmoja aliingia nimchapie wasifu wa marehemu ndugu yake. Yeye anasoma kwenye karatasi, mimi nachapa. Tukafika pale pa watoto walioachwa, akanyamaza. Akasema, “Hapo acha nafasi, kijana. Sijui kama yule mtoto wa nje tutamweka.” Nikaacha nafasi. Akaketi kwenye kiti cha wateja kama dakika kumi, anatazama barabara. Akasimama, akasema, “Muweke.” Akalipa shilingi hamsini, akaenda zake.

Hiyo haikuwa motisha. Sikuhisi kutaka kuushinda ulimwengu. Nilihisi kifua kizito. Lakini nilijua sentensi yangu ya kesho asubuhi itaanzia wapi, na hakuna mshumaa umewahi kunipa hiyo.

Najua mtakachosema. Ati sanaa si sukuma wiki, ukiilazimisha inatoka mbaya. Ndiyo, inatoka mbaya. Zangu nyingi ni mbaya. Lakini unga wenye chenga unachekechwa. Debe tupu utachekecha nini? Na ile siku moja nzuri unayoingoja, ikija itamkuta nani? Itamkuta mtu ambaye mkono wake umesahau kushika kalamu.

Kitu kingine: acheni kutangaza. Kila ukisema “naandika riwaya”, watu wanakupongeza kana kwamba umemaliza. Pongezi ni kama kulamba mwiko. Ukilamba sana, chakula kikiiva tayari umeshiba. Mimi nililamba miezi saba. Kwa hivyo video ya mimi nikiandika hamtaiona tena hapa, na ile ya zamani nimeifuta leo asubuhi. Ndiyo, pamoja na mioyo yenu yote. Mnisamehe.

Wiki iliyopita nilipita kwa meza ya Mama jioni. Nimekuwa nikimsomea sura moja moja usiku akihesabu pesa ya siku. Alikuwa anamkatia mteja sukuma, kama kawaida, kichwa chini.

“Yule kondakta,” akaniuliza, “alirudisha bahasha?”

Nikamwambia sijui. Ule mwisho niliokuwa nao zamani ulikufa kwenye sura ya sita. Nitajua kesho asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza.

Akatikisa kichwa, akafunga sukuma kwa karatasi. Hakunipongeza. Na sijui kama kuna mtu amewahi kuniheshimu zaidi ya hapo.

Basi. Umesoma maneno zaidi ya elfu moja ya mtu mwingine. Usinipe moyo, usiniandikie ati nimekutia nguvu. Fungua ile hadithi yako imelala, tafuta mahali mguu ulibaki hewani, uandike maneno 50 kabla hujafungua kitu kingine.