Tusishindane na Upepo

Magole, wilayani Kilosa, ndipo barabara ya Turiani inapoachana na barabara kuu ya kutoka Morogoro kwenda Dodoma. Mabasi hupita hapo kila siku, nao wapenzi wa magari hawaachi kubishana: ni basi lipi lenye injini kali zaidi?

Mabishano haya si mapya. Tangu mashindano ya Safari yaanze mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wengi wetu tumezoea kupima ubora wa gari kwa mbio zake. Kupenda ufundi si kosa. Tunachoomba ni kwamba hesabu ifanywe hadi mwisho.

Mafundi wa magari ya mashindano huweza kukadiria nguvu ya injini kwa kutazama mwendo wa juu kabisa wa gari. Gari likifikia kikomo chake katika barabara tambarare, nguvu yote inayofika magurudumuni hutumika kuisukuma hewa na kuushinda ukinzani wa matairi. Ajuaye upana na kimo cha gari, umbo lake, uzito wake na mwendo wake, aweza kuikadiria injini bila kufungua boneti.

Lakini hewa ni mdai mkali. Mwendo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kuishinda hewa huongezeka mara nane. Tuchukue basi kubwa la kawaida, ambalo uso wake una ukubwa wa mita 8 za mraba. Likienda kilomita 80 kwa saa, hewa peke yake hudai kiasi cha nguvu za farasi 40. Likienda kilomita 120, hudai zipatazo 140.

Je, abiria anapata nini kwa gharama hiyo? Katika safari ya kilomita 40, anaokoa dakika 10 tu. Na dereva akilazimika kusimama ghafla, breki zake zinakabiliwa na kishindo kilichozidi mara mbili na robo. Mtoto anayevuka barabara hapo Magole hajui hesabu hii, lakini ndiye atakayeilipa.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 iliweka kikomo cha kilomita 80 kwa saa kwa magari makubwa, na 50 katika maeneo ya makazi. Hesabu ya hewa inaonyesha kuwa kikomo hicho si uonevu.

Kwa hiyo tunawasihi wenye mabasi wasipange ratiba zinazomlazimisha dereva kukimbia. Madereva wakumbuke kuwa injini yenye nguvu imetengenezwa ili ibebe mzigo na kupanda milima, si kushindana na upepo. Nao abiria waache kumshangilia anayekimbiza gari, wamwonye. Mwenda pole hajikwai.