MAMBO YA NYUMBANI: Mtoto wa Mbwa na Adabu ya Nyumba

Mtu aletapo mtoto wa mbwa nyumbani kwake hudhani kwamba ameleta mwanafunzi, naye mwenyewe ndiye mwalimu. Lakini mnyama yule hajui sakafu ni nini wala zulia ni nini, na kwake chumba na ua ni mahali pamoja. Ni juu ya mwenye nyumba kumjulisha, na njia atakayoitumia itaonekana katika tabia ya mbwa huyo kwa miaka mingi, na pengine katika tabia za watu wa nyumba hiyo pia.

Karani mmoja wa mjini Nakuru, mwenye mke na watoto wawili, alipewa na shemeji yake mtoto wa mbwa dume mwenye umri wa majuma 8. Wezi walikuwa wameusumbua sana mtaa ule, na kuku watatu wa mkewe walikuwa wamekwisha kuchukuliwa usiku. Basi akaona vema apate mlinzi. Mbwa akaitwa Simba, akatandikiwa gunia kuukuu jikoni, na mtoto wa kiume, mwenye miaka 9, akaambiwa kwamba kumlisha ni kazi yake.

Siku ya kwanza Simba alikojoa mara 3 sebuleni, na mara moja akafanya haja kubwa chini ya meza. Bwana akachukua fimbo. Akamkamata Simba shingoni, akamsukuma pua katika uchafu, akamchapa, kisha akamtupa nje.

"Samaki mkunje angali mbichi," akamwambia mkewe.

"Baba Watoto, huyu ametoka kunyonya juzi tu," mkewe akajibu.

Bwana hakusema neno. Mtoto wa kiume alikuwa amesimama mlangoni akitazama yote.

Baada ya majuma 2 ilionekana kwamba dawa imefaa. Bwana akirudi kazini jioni alikuta sakafu kavu, naye akajisifu mbele ya wenzake ofisini kwamba mbwa wake amehitimu kwa siku 14. Jambo moja tu lilimshangaza. Simba alipousikia mshindo wa viatu vyake alijibanza pembeni, na akiinuliwa alitoa mkojo papo hapo, hata kama alikuwa ametoka uani dakika ile ile.

Mambo yalifunuka Jumamosi moja, majuma 5 tangu Simba aletwe. Mtoto wa kike, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anaanza kutambaa, aliponyoka machoni pa mama yake kwa dakika chache. Mama akamkuta nyuma ya sanduku la nguo, mkono wake umejaa kinyesi kikavu cha mbwa, naye anaupeleka kinywani. Sanduku liliposogezwa palionekana uchafu wa siku nyingi, na kando yake sweta ya shule ya yule mtoto wa kiume, imekunjwakunjwa na inanuka mkojo.

Baba akamwita mwanawe. "Sweta hii ni ya nani?"

"Ni yangu, Baba."

"Na uchafu huu, ulikuwa unaujua?"

Mtoto akainama. "Naujua, Baba. Akikojoa sebuleni mimi hupangusa kabla hujarudi. Huku nyuma ya sanduku huja mwenyewe, sikumwonyesha mimi. Niliogopa utampiga."

Mama alimwosha binti yake mikono na kinywa kwa maji na sabuni, akamchukua mpaka zahanati. Baba akabaki uani na fimbo yake mkononi, asijue ampige nani.

Upande wa pili wa ua wa miti alikuwapo mzee mmoja akipalilia mboga zake. Mzee huyu alitumikia Idara ya Mifugo miaka mingi kabla ya kustaafu, na kelele zote alikuwa amezisikia.

"Mwanangu," akasema, "umewafundisha wanafunzi wawili somo moja. Mbwa amejifunza kwamba akijisaidia mbele yako atapigwa, kwa hiyo hutafuta mahali usipoona. Mtoto naye amejifunza vivyo hivyo."

"Lakini, Mzee, hata samaki hukunjwa angali mbichi."

"Kweli hukunjwa. Lakini wewe umemvunja. Njoo tuketi."

Aliyoyaeleza mzee siku ile yafaa yajulikane na kila mwenye kufuga. Katika majuma 2 ya kwanza ya maisha yake, mtoto wa mbwa hawezi hata kujisaidia pasipo kulambwa na mama yake. Apatapo majuma 3 hivi huanza kujikokota mbali na malazi yake afanye haja huko, maana mbwa kwa maumbile yake hapendi kuchafua mahali alalapo. Hiyo ndiyo tabia njema ambayo mfugaji huikuta tayari, na kazi yake ni kuikuza. Lakini kibofu cha mnyama huyo kingali kidogo. Wafugaji wengi hutumia hesabu hii: hesabu miezi ya umri wake, ongeza 1, nawe utapata saa ambazo aweza kujizuia mchana, zikizidi sana. Mwenye miezi 2, basi, hapiti saa 3. Kumpiga kwa jambo lisilowezekana mwilini mwake ni sawasawa na kumpiga mtoto mchanga kwa kulowanisha nepi.

Tena, mbwa huunganisha mambo yanayofuatana upesi. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa uchunguzi wake juu ya kuyeyushwa kwa chakula tumboni, alionyesha kwamba mbwa akizoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa, mwishowe sauti hiyo peke yake humtoa mate. Fimbo ijayo dakika 10 baada ya kosa haiunganiki na kosa, bali na mtu aliyeishika. Uso wa aibu ambao watu husema wameuona kwa mbwa ni uso wa hofu tu. Na mkojo ambao Simba aliutoa alipoinuliwa haukuwa ujeuri. Ndiyo namna ya mbwa mdogo kumwambia mkubwa wake kwamba amesalimu amri. Akigombezwa kwa hilo, atazidi.

Jioni ile bwana, mkewe na mwanawe waligawana saa. Mtoto wa kiume alimtoa Simba saa 12 asubuhi, mara alipoamka, na tena aliporudi kutoka shule. Mama alimtoa mchana, kila baada ya chakula, kila baada ya usingizi na kila baada ya mchezo, maana nyakati hizo tatu ndizo mbwa mdogo hujisaidia. Chakula kikiingia tumboni matumbo huanza kusukuma, na kwa kawaida haja hufuata kati ya dakika 5 na 30. Kwa sababu hiyo Simba alilishwa kwa saa maalumu, ugali laini uliochanganywa na mchuzi wa nyama au dagaa, mara 4 kwa siku mpaka alipotimiza miezi 3, kisha mara 3. Chakula hakikuachwa chini kutwa nzima, bali maji safi hayakukosekana. Baba alichukua saa 4 usiku kabla ya kulala na, kwa majuma ya kwanza, saa 8 usiku.

Kila mara alipelekwa pembe ile ile ya ua, karibu na mpera, kwani harufu ya jana humkumbusha kazi ya leo. Aliyempeleka alisimama kimya, wala hakucheza naye. Alipomaliza alisifiwa papo hapo kwa sauti ya upole na kupewa kipande cha dagaa. Sifa ikingoja mpaka jikoni, imekwisha chelewa. Pembe hiyo ilikuwa ndani ya ua wao wenyewe kwa sababu nyingine pia. Mtoto wa mbwa asiyemaliza chanjo zake haifai apelekwe mahali wapitapo mbwa wageni, maana ugonjwa wa pavo, uliojulikana ulimwenguni tangu mwaka 1978, hukaa katika udongo miezi mingi na huwaua wadogo kwa kuhara damu.

Nyumbani Simba hakuachwa azurure bila jicho la mtu. Wote walijifunza dalili zake: hunusa chini, huzunguka, huenda upesi kuelekea pembeni. Aliyeziona alimwita kwa furaha na kumtoa nje. Usiku, na wakati ambapo hapakuwa na wa kumtazama, alilala katika sanduku la mbao lililotandikwa, lenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kujinyosha, wala si zaidi. Hakufungiwa humo kupita saa ambazo mwili wake uliweza. Afungiwaye kupita kiasi hulazimika kuchafua malazi yake, na akizoea hivyo, ile tabia njema aliyozaliwa nayo hupotea.

Ajali hazikukosekana. Akikutwa katikati ya kitendo, aliambiwa "Nje!" bila ukali, akabebwa mpaka mperani amalizie huko. Akikutwa amekwisha maliza, hakuambiwa kitu. Mahali palioshwa kwa maji na sabuni, kisha kwa maji yaliyotiwa siki, ili harufu iishe kabisa. Dawa za kusafishia zenye amonia hazifai kwa kazi hii, kwani zanuka kama mkojo wenyewe na humrudisha mbwa pale pale.

Daktari wa wanyama alipomwona Simba alianza kwa kumpa dawa ya minyoo. Watoto wa mbwa wengi huzaliwa na minyoo tayari, waliyoipata tumboni mwa mama yao, na yafaa wapewe dawa tangu majuma 2, tena kila baada ya majuma 2 mpaka wafikie majuma 12. Mayai ya minyoo hiyo hutoka pamoja na kinyesi, lakini hayawezi kumdhuru mtu siku ile ile; huhitaji majuma 2 au zaidi ili yaive. Kinyesi kilichoonekana na kuondolewa leo, basi, hakina hatari ya minyoo hiyo. Kilichofichwa nyuma ya sanduku kwa mwezi mzima ndicho cha kuogopwa. Mtoto akiyameza mayai yaliyoiva, vijidudu vyake huweza kusafiri mpaka ini, mapafu, hata jicho, na kudhuru uwezo wa kuona. Binti wa karani alichunguzwa zahanati, na kwa bahati njema hakupatikana na ugonjwa. Lakini baba yake alifahamu kwamba hatari ile haikuletwa na uchafu wa Simba. Uchafu hauna budi. Ililetwa na kule kufichwa kwake.

Alipotimiza miezi 3 Simba alichanjwa kichaa cha mbwa, chanjo ambayo hurudiwa kila mwaka. Ugonjwa huo ulithibitishwa katika Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa wa pembezoni mwa Nairobi. Mwaka 2014 Serikali ilitoa mpango wa kuukomesha vifo vyake kwa watu ifikapo 2030, na njia yenyewe ni kuwachanja mbwa wasiopungua 70 katika kila 100. Hapa pia fimbo yaleta hasara. Mbwa aogopaye mikono hashikiki siku ya chanjo, na aliyefukuzwa kwa sababu ya uchafu huzurura mitaani bila chanjo wala mwenyewe. Watoto ni wengi miongoni mwa waumwao na mbwa wa namna hiyo. Aliyeumwa aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Kwa Simba iliyokwisha kupigwa, kazi ilichukua muda mrefu kuliko kwa mwenye kuanza vema. Mwezi wa kwanza alikuwa bado akijibanza baba aingiapo. Bwana akaagizwa na mzee asimwinamie wala asimwinue, bali achuchumae pembeni na kumngoja aje mwenyewe. Alipofika miezi 6, juma zima lilipita sakafu ikiwa kavu, na safari hii hapakuwa na sweta iliyofichwa. Usiku mmoja wa mvua kubwa alikwaruza mlango wa chumba cha bwana wake. Bwana akaamka, akamfungulia, akasimama kizingitini na taa mpaka mbwa alipomaliza na kurudi.

Asubuhi yake, kabla ya kwenda shule, mtoto wa kiume alimjia baba yake mezani, rangi imemtoka.

"Baba, nimevunja kikombe chako cha chai."

Hakuna aliyekuwa ameuliza habari za kikombe, na vipande vingeweza kutupwa shimoni bila mtu kujua. Baba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Vema kwa kuniambia, mwanangu," akainuka, wakaenda kuviokota pamoja kabla yule mdogo hajatambaa mpaka jikoni. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na mtoto wa mbwa kadhalika.