Perege wa Kwenye Magugu

Ukiingia mwezi wa Oktoba watu wa Njombe huanza kuvua makoti. Baridi iliyowabana tangu Juni, ile inayounguza majani ya viazi kwa umande ulioganda, imekwisha kwenda zake, na mvua kubwa bado hazijafika. Katika majuma hayo ya jua na vumbi maji ya mabwawa na ya mito midogo hupata joto kidogo, na perege aliyekuwa ametulia chini kama mgonjwa huamka, hula, na hujenga kiota. Lakini ndipo pia maji yanapopungua na majani ya majini kusongamana: matete pembeni, yungiyungi katikati, na chini yake utando wa kijani unaoshika kila kitu. Mfanyakazi aliyetoka Makambako siku yake ya mapumziko akiwa na ndoana yake hutazama msitu ule, hutikisa kichwa, kisha hurudi mjini kununua samaki mkavu.

Mtu huyo amerudi mapema mno. Samaki yumo, tena yumo mle mle alimoogopa kutupa mshipi.

Hebu tuelewane kwanza juu ya tabia ya mnyama mwenyewe. Perege ni samaki wa maji ya vuguvugu. Joto la maji likishuka chini ya nyuzi 20 hivi, hula kwa uvivu na hukua polepole. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na hata Makambako, ulio chini yake kiasi, si mahali pa kuita pwani. Kwa hiyo perege wa nyanda hizi hapati miezi mingi ya kushiba kama ndugu zake wa Mtera. Joto linapokuja hulifuata pembeni, penye kina kifupi, na huko ndiko yaliko majani. Humo hupata kivuli cha mchana, hupata chakula kilichoshikana na mashina, na hujificha asionwe na mdiria na mnandi. Jike, ambaye huyatamia mayai yake kinywani, huwatema watoto wake hapo hapo penye majani mafupi, na wakitishwa hukimbilia tena kinywani mwa mama.

Si perege peke yake mwenye desturi hiyo. Katika Ziwa Naivasha, nchini Kenya, yuko samaki aitwaye besi, mgeni kutoka Amerika ya Kaskazini, aliyepandwa ziwani humo mwaka 1929. Huyo ni mla samaki wenzake. Hujibanza ndani ya majani kama paka nyuma ya gunia la mahindi, akingoja kinachopita. Kule Marekani wako watu ambao kiangazi chote, Juni hadi Agosti, kazi yao ni kumtafuta besi kwenye magugu, na wameandika vitabu vinavyojaza makabati juu ya jambo hilo moja. Perege wetu hana ukali huo, wala hahitaji vitabu vingi. Lakini somo la kwanza ni lile lile: usitupe ndoana mahali peupe kwa sababu tu ni rahisi kutupa.

Sasa zana. Huhitaji fimbo ya dukani. Mwanzi ule ule unaowapa watu wa Njombe ulanzi wao, ukikomaa na kukauka vizuri, hutoa ufito wa mita tatu au nne ulio mwepesi na usiovunjika upesi. (Ulanzi wenyewe uachwe nyumbani, ukingo wa bwawa huteleza.) Mshipi uwe mfupi, usizidi urefu wa ufito, na uwe mnene kuliko ule ambao ungeutumia kwenye maji matupu. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Hufunga uzi mwembamba wakidhani samaki hatauona, kisha perege akishanasa huzunguka shina la tete mara mbili na uzi unakatika. Penye magugu huna nafasi ya kumchosha samaki. Akishika, mwinue juu moja kwa moja kabla hajageuza kichwa.

Ndoana ya perege iwe ndogo, kwa kuwa kinywa chake ni kidogo. Chambo ni donge la ugali uliokandwa ukakaza, au nyungunyungu aliyechimbwa chini ya jaa la samadi, na ncha ya ndoana izame ndani ya chambo isije ikashika majani njiani. Kichelezo kiwe kipande cha bua au kizibo, na chubwi iwe kidogo tu, ya kutosha kupenyeza chambo katika tundu la majani bila kishindo.

Maana matundu yapo. Usimame kimya kwa dakika chache, jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisianguke majini, nawe utayaona: nafasi za ukubwa wa sinia kati ya majani ya yungiyungi, vichochoro ambamo bata hupita, mahali ambapo tete moja hutikisika na hakuna upepo. Tete likitikisika namna hiyo, kuna samaki anayelichuna. Usirushe. Nyoosha ufito juu ya tundu, teremsha chambo wima kama mtu anayeteka maji kisimani, ngoja kidogo, inua, teremsha tena katika tundu la pili. Asubuhi mapema na saa kumi na moja jioni samaki hutoka ukingoni mwa majani. Saa sita mchana huingia ndani kabisa kivulini, na mvuvi mwenye busara naye hukaa kivulini.

Kambale ana mambo yake. Yeye hukaa topeni chini ya majani, na kwa kuwa aweza kuvuta hewa ya juu, huishi hata katika dimbwi ambalo perege wangekufa wote. Mtafute magharibi, kwa ndoana kubwa na utumbo wa kuku.

Neno moja kwa wazazi. Usiwaache watoto waingie majini kufungua ndoana iliyonasa. Chini ya majani hayo kuna tope lisilo na mwisho unaoonekana, na katika sehemu za chini zenye joto zaidi konokono wa kichocho hupenda mimea hiyo hiyo. Ndoana hununuliwa nyingine.

Nimesema samaki hukaa penye magugu. Basi magugu hayo yakiisha, samaki naye huisha, na hili ndilo linalonifanya niandike safu nzima juu ya ufito na ugali. Wako watu ambao, wakishindwa kuvua ndani ya majani, hutafuta njia ya mkato. Wengine hutwanga majani ya utupa na kuyamwaga majini. Wengine, na hawa ni wabaya zaidi, hutumia dawa zinazobaki baada ya kupulizia viazi. Sumu ya utupa humzuia samaki asiweze kuitumia hewa iliyomo majini. Huelea wote, mkubwa na kidole, pamoja na wale watoto waliokuwa kinywani mwa mama. Dawa ya viazi huendelea hadi mezani kwako. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza uvuvi wa sumu, lakini hata pasipo sheria ingetosha kumwuliza mvuvi wa namna hiyo atakula nini mwaka ujao.

Njia nyingine ya kuyamaliza magugu haina ubaya wa makusudi, nayo ni vinyungu. Kila mkazi wa Njombe anajua thamani ya kinyungu: mahindi mabichi, maharage na mboga wakati ambapo shamba la mlimani limekauka. Simlaumu mama anayelima bondeni ili watoto wake wale. Lakini jembe likifika hadi ukingo wa maji, matete yakafyekwa na mfereji ukachimbwa, bonde lililokuwa likinyonya maji kama sifongo na kuyaachia kidogo kidogo huyaachia yote mara moja. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa mto au bwawa ziachwe bila shughuli zinazoharibu. Katika bonde jembamba mita 60 ni shamba zima la mtu, na jambo hilo linahitaji mazungumzo ya kijiji na wala si amri tu. Hata hivyo, shuka kutoka Makambako kwa barabara ya Mbeya hadi uwanda wa Usangu uulize habari za Ihefu. Tangu mwaka 1993 mto Ruaha Mkuu, unaopita katika kinamasi hicho, umekuwa ukikatika kabisa chini yake wakati wa kiangazi, kwa sababu maji mengi yalichotwa juu kabla hayajafika. Mwaka 2008 Ihefu iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na si mahali tena pa kwenda na ndoana.

Mwenye bwawa lake mwenyewe asinielewe vibaya. Majani yakifunika maji yote nayo huua. Mchana, penye jua, mimea hutoa hewa ambayo samaki huihitaji. Usiku huivuta yenyewe, na ukiamka alfajiri ukakuta perege wamepanga midomo juu ya maji, ujue wanakosa pumzi. Ng'oa basi, lakini kwa vichochoro, sehemu leo na sehemu juma lijalo, na uyatoe majani nje yawe mbolea ya mboga. Ukiyaacha yaoze majini yatamaliza hewa ile ile uliyotaka kuiokoa. Ukiwa mgeni, omba ruhusa kwa mwenye bwawa. Na kwa mto, pitia kwanza kwa ofisa uvuvi wa halmashauri akueleze masharti ya leseni.

Na kwa yule atakayeupeleka mzigo jikoni: perege wa kwenye magugu aghalabu hunuka tope kidogo. Mpasue upesi, utoe utando mweusi wa tumboni kwa kidole, umsugue kwa chumvi na limau, umwache nusu saa. Kambale asuguliwe kwa majivu mpaka ute wote utoke, kisha aoshwe mara tatu. Watano wadogo, wakikaangwa wakakauka halafu wakaungwa kwa nyanya na kitunguu, huwatosha watu sita kwa ugali.