Nyumba Mpya, Machozi Mapya

Kama unapanga kununua nyumba mpya hapa Griftu, sikiza kwanza. Sisi tulimlipa kontrakta pesa yote siku ya kupewa funguo. Rangi safi, mabati yanang'aa. Mvua ya kwanza tu, paa likavuja juu ya kitanda cha nyanya. Plasta ikabanduka, nyufa zikafika dirishani. Ukimpigia simu: "Nakuja kesho, inshallah." Hiyo kesho bado tunaingoja.

Visima vingi vya Wajir vina maji ya chumvi. Zege likikorogwa kwa maji hayo, vyuma vya ndani hushika kutu na ukuta hupasuka. Fundi anajua. Sisi hatukuuliza alitoa maji wapi.

Lakini kosa kubwa lilikuwa makubaliano ya mdomo. Sheria ya Mikataba ya Kenya, kifungu cha 3, inataka ununuzi wa ardhi, na nyumba iliyo juu yake, uandikwe, utiwe sahihi na ushuhudiwe. Bila karatasi, kortini utaonyesha nini?

Tuliogopa kuandika kwa sababu ya swali moja: "Kwani hatuaminiani?" Jibu liko Suratul Baqara, aya ya 282, inayotuamuru kuandika deni. Kuandika si dharau.

Kwa hivyo andika. Leta fundi wako mwenyewe akague. Halafu bakisha sehemu ya pesa, na hilo pia liandikwe, mpaka mvua inyeshe uone. Kontrakta aliyejenga vizuri haogopi mvua.