Asiyejua Maana Haambiwi Maana: Rezista ya Kumbukumbu na Wajibu Wetu Wanakiswahili

Aghalabu wanakiswahili tukutanapo katika makongamano yetu, haikosi mada inayodai kwamba Kiswahili kinaweza kuelezea sayansi na teknolojia. Mtoa mada huorodhesha istilahi, wasikilizaji hupiga makofi, kisha kila mmoja hurejea chuoni kwake. Nakusudia kutoa maoni kwamba orodha hizo hazitoshi, na kwamba neno lililoundwa na mtu asiyekijua kitu laweza kumdhuru anayelitumia. Mfano wangu ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele, yaani rezista inayowekwa kwenye njia za kumbukumbu ya kompyuta.

Kwetu ni Jilore, magharibi mwa mji wa Malindi, karibu na mto Sabaki na msitu wa Arabuko-Sokoke. Binamu yangu mdogo ana kibanda cha kutengeneza redio na simu huko. Likizo moja aliniuliza, "Kaka, wewe si ndiye msomi wa Kiswahili? Hii rezista kwa Kiswahili chenu ni nini?" Nilimjibu kwa majivuno, "Ni kipingamizi. Kwa lugha nyepesi, kizuizi." Akanishukuru.

Baadaye aliletewa kompyuta kuukuu ya shule moja ya jirani, ya zile zinazotumia kumbukumbu ya DDR ya kizazi cha kwanza. Karibu na nafasi za kumbukumbu palikuwa na rezista zilizoungua. Hakuwa na nyingine za kubadilisha. Akajisemea kwamba kizuizi kikiondoka njia hufunguka, basi akaunganisha waya mtupu mahali pake. Kompyuta iliwaka, akafurahi, akalipwa. Siku ya pili ikaanza kuganda katikati ya kazi na kuharibu mafaili. Mwalimu aliirudisha kwa hasira, na binamu yangu akarudisha fedha ambazo tayari alikuwa amezinunulia unga.

"Kaka," aliniambia, "wewe ulisema ni kizuizi."

Sikuwa na la kujibu. Nililijua neno, sikukijua kitu. Ilinibidi niende kwa wenzetu wa idara ya uhandisi nikaketi nao kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Naomba msomaji aniruhusu nieleze niliyojifunza, kwa kuwa bila hayo hoja yangu itaelea.

Ishara ya umeme husafiri katika njia za shaba za bodi ya sakiti kwa mwendo wa takriban sentimita 15 katika kila sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kila njia ina tabia yake ya kulipokea wimbi la umeme. Tabia hiyo hupimwa kwa omu, na katika bodi nyingi huwa karibu omu 50. Wimbi linapofika mwisho wa njia na kukuta hali tofauti, sehemu yake hurudi lilikotoka. Ndivyo lifanyavyo wimbi la bahari linapogonga ukuta wa mawe, ilhali likipanda ufuo wa mchanga wenye mteremko wa taratibu hulala na kutulia. Ikiwa mwisho wa njia uko wazi, wimbi lote hurudi. Ukiwekwa rezista ya omu 50 katika njia ya omu 50, halirudi kabisa. Ikiwekwa ya omu 75, moja ya tano ya wimbi hurudi. Ikiwekwa ya omu 33, moja ya tano hurudi pia, ila ikiwa imepinduka.

Katika redio ya zamani mwangwi huo haukuwa na madhara makubwa, kwa kuwa ishara zilikwenda polepole. Katika kumbukumbu ya DDR inayopitisha biti milioni 400 kwa sekunde kwenye kila njia, kila biti ina nafasi ya sehemu 2.5 tu za bilioni ya sekunde. Mwangwi wa biti iliyotangulia huweza kuikuta biti inayofuata ikisomwa, na moja ikadhaniwa sifuri. Hapo ndipo kompyuta inapoganda na mafaili kuharibika.

Mafundi huchagua kati ya njia mbili, au huziunganisha. Ya kwanza ni kuweka rezista mfululizo karibu na chipu inayotuma, ili ukinzani wake pamoja na ule wa chipu ulingane na njia. Chipu ikiwa na omu 18, rezista ya omu 33 hufikisha 51, na hilo latosha. Ya pili ni kuweka rezista mwisho wa njia, ikiunganishwa na volteji iliyo nusu ya ile ya kumbukumbu. Kwa DDR ya kwanza, iliyotumia volti 2.5, nusu hiyo ni volti 1.25. Njia hii huzima mwangwi barabara, lakini hula umeme. Chipu ya omu 18, rezista ya mfululizo ya omu 22 na ya mwisho ya omu 50 kwa pamoja hupitisha takriban miliampea 14. Njia 64 za data zikifanya hivyo kwa wakati mmoja, ni karibu ampea moja nzima. Kwa hiyo mchaguzi hupima: akipunguza omu hupoteza umeme na kuidhoofisha ishara, akizidisha hukaribisha mwangwi.

Kuanzia DDR2, rezista za data ziliingizwa ndani ya chipu zenyewe, zikawa zinawashwa na kuzimwa kwa amri. DDR3 huzipima kwa kulinganisha na rezista moja ya nje ya omu 240, lakini njia zake za anwani na amri bado huhitaji rezista za nje mwishoni. Kwa hiyo maarifa haya hayajapitwa na wakati.

Sasa turudi kwenye lugha. Rezista hii haizuii ishara isifike. Huipokea, huimeza nguvu yake iliyobaki, na kuifanya isirudi kuwasumbua wanaokuja nyuma. Anayeiita "kizuizi" na kuishia hapo humpa fundi picha iliyo kinyume cha kazi yake. Katika fizikia neno "ukinzani" limekwisha kuzoeleka, nami silipingi. Hoja yangu ni kwamba jina la aina halitoshi kueleza kazi. Napendekeza tubaki na "rezista" kama jina la kifaa, kwa sababu ndilo lililo vinywani mwa mafundi kutoka Malindi hadi Mwanza, na hii ya mwisho wa njia tuiite "rezista zimamwangwi". Mwenye neno bora na alilete, mradi kwanza akishike kitu mkononi.

Wapo watakaosema kwamba haya ni ya wahandisi, nao husoma Kiingereza. Jibu langu ni kwamba binamu yangu si mhandisi, wala hasomi Kiingereza cha vitabu hivyo, na ndiye anayetengeneza mashine za watoto wetu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Lugha rasmi isiyoweza kumwambia fundi kwa nini asiweke waya mahali pa rezista ina urasmi wa karatasini.

Wengine watasema kazi imekwisha kufanywa. Ni kweli kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kwamba mradi wa Kilinux ulitupatia Jambo OpenOffice mwaka 2004. Tunawashukuru. Hata hivyo, juhudi za kompyuta zimeshughulika zaidi na yanayoonekana kwenye skrini: faili, kipanya, hifadhi. Yaliyo chini ya kifuniko tumewaachia wengine.

Sisi wa pwani hii tuna sababu ya ziada ya kuona haya. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksi kutoka angani. Ilipewa jina la Uhuru, kwa kuwa ilikuwa siku ya kuadhimisha uhuru wa Kenya. Neno letu lilipanda angani likiwa limebandikwa juu ya mashine. Zaidi ya nusu karne baadaye, bado tunaridhika kubandika majina kwa nje.

Napendekeza mambo mawili. Kwanza, kila chama cha wanafunzi wa Kiswahili kifunge urafiki na wanafunzi wa uhandisi wa chuo chake, na istilahi isichapishwe katika majarida yetu kabla ya mtu wa fani na fundi wa kibandani kuisoma. Pili, kila istilahi iambatane na aya moja ya maelezo inayoonyesha kitu hicho kikifanya kazi, na kinachotokea kikikosekana. Orodha itakuwa fupi, lakini itasomeka.

Nilirudi Jilore na rezista nilizopewa, zilizong'olewa kutoka bodi mbovu, zikiwa nne nne katika pakiti moja. Zilikuwa zimeandikwa 330. Binamu yangu alizitazama kwa shaka. "Kaka, si ulisema omu 33?" Nikamweleza kwamba tarakimu ya mwisho huhesabu sifuri za kuongeza, nayo hapo ni sifuri, hivyo ni 33 tu. Akazichomelea, na kompyuta ikarudi shuleni. Kisha akaniuliza swali ambalo nawaachia wasomaji na wahadhiri wangu: "Na haya yote yameandikwa wapi kwa Kiswahili, nami nisome?"