Ukingo wa Mto Si Ukumbi

Yako maneno yanayosemwa kwa upole mwingi, kwamba mgeni aliyelipa ada amenunua haki ya kutazama. Mimi nayapinga. Alichonunua ni ruhusa ya kupita; njia ya mnyama haikuwamo katika bei.

Katika mwezi wa Julai 2025 zilienea duniani picha zilizopigwa kando ya Mto Mara, upande wa Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Serengeti. Watalii walikuwa wameshuka garini, wamejipanga ukingoni kama watu wangojao ngoma, na nyumbu waliokuja kuvuka wakakuta njia imezibwa. Sheria ya hifadhi hairuhusu mtu kushuka garini ila mahali palipotengwa. Hapana dereva asiyeijua.

Wako wasemao: nyumbu ni zaidi ya milioni moja, kizuizi cha saa moja kina dhara gani? Hoja hii ni ya mtu asiyeutazama mto. Nyumbu hufika, husita, hunusa, hurudi nyuma, mpaka mmoja ajitupe na wengine wamfuate. Ukimzuia penye mteremko mpole atajitupa penye genge, na wa nyuma watamkanyaga wa mbele. Pundamilia naye, jamaa ya farasi ambaye Wajerumani walijaribu kumtia lijamu katika nchi hii wakashindwa, hupita humo humo. Utafiti uliotangazwa mwaka 2017 ulikadiria kuwa nyumbu wapatao 6,250 hufa maji katika Mto Mara kila mwaka. Mizoga yao hulisha samaki, mamba na tai, na mifupa hurutubisha maji kwa miaka. Hiyo ni kazi ya mto wenyewe, wala haukutuomba msaada.

Walakini linaloniudhi zaidi ni jingine. Mchungaji wa kijiji kinachopakana na hifadhi, ng'ombe wake wakivuka mpaka kutafuta majani, hukamatwa na kutozwa faini, na pengine mifugo yake hupigwa mnada. Sisemi sheria hiyo ifutwe. Nauliza kwa nini macho yake huona kwato yasione viatu. Mtoto wa Nyambureti hufundishwa shuleni kuwa wanyama hawa ni urithi wake. Tumweleze nini akiziona picha zile?

Wengine humtupia dereva lawama zote. Dereva hutegemea bakshishi, na mgeni aliyekosa kuona kivuko hufumba mkono. Aulizwe kwanza yule auzaye safari, anayetangaza kivuko kana kwamba nyumbu wana ratiba kama gari la moshi.

Magari yasimame mbali na ukingo mpaka kundi limekwisha kuanza kuvuka, na idadi yake iwe na kikomo. Mwenye kushuka atolewe hifadhini siku ile ile, bila kurudishiwa ada, na jina la kampuni iliyomleta libandikwe kwenye lango la Ikoma, ambako watu watokao Mugumu watalisoma.