Besiboli ya watoto: Ukishinda uwanjani, bado kuna mlango wa karatasi

Ukishuka kutoka Mbinga mjini kwenda Mbamba Bay jioni, utawakuta watoto ufukweni wakishindana kurusha vijiwe bapa viruke juu ya maji ya Ziwa Nyasa. Mikono ile ingefaa sana besiboli, mchezo wa gongo na kipira kigumu. Kwa Tanzania mchezo huo bado ni mgeni. Ulianza kushika kasi mwaka 2012 katika Shule ya Sekondari Azania, Dar es Salaam, kwa msukumo wa Wajapani.

Sasa tuseme mtoto mmoja wa Liuli anafundishwa, anakuwa mrushaji hodari na timu yake inashinda kila mechi. Atafika mashindano ya dunia? Jibu fupi ni kwamba karatasi zake zitaamua kuliko mkono wake. Na hili limeshawakuta majirani zetu.

Washindi waliobaki nyumbani

Mwaka 2011 watoto wa Kampala walikwenda Kutno, Poland, kwenye mchujo wa kanda ya Mashariki ya Kati na Afrika wa Little League, ligi kubwa ya besiboli ya watoto duniani. Wakaishinda Saudi Arabia. Ndiyo ikawa timu ya kwanza ya Afrika kufuzu fainali za Williamsport, jimbo la Pennsylvania, Marekani.

Hawakwenda. Marekani iliwanyima viza, ikisema taarifa za umri kwenye nyaraka za baadhi ya watoto zilikuwa na utata. Nafasi ikachukuliwa na Saudi Arabia ileile waliyoishinda, timu ya Dhahran iliyojaa watoto wa wageni wanaofanya kazi kwenye mafuta. Watoto wale hawakuwa na kosa lolote. Lakini mtoto anayehamia nchi nyingine na wazazi wake anakuwa na pasi ya kusafiria tangu mdogo, na karatasi zake zimekaguliwa mara kibao kabla hajashika gongo. Mwenzake wa Kampala anatafutiwa cheti wiki chache kabla ya safari.

Januari 2012 timu ya Langley ya Canada, ambayo ingekutana na Waganda hao kule Williamsport, ilipanda ndege kuwafuata Uganda ili mechi ile ichezwe. Waganda wakashinda 2-1. Agosti mwaka huohuo timu nyingine ya Uganda, kutoka Lugazi, ikafika Marekani na kuifunga Gresham ya jimbo la Oregon 3-2. Mwaka 2015 Uganda ilirudi tena na kuifunga Jamhuri ya Dominika 4-1. Kwa hiyo suala la uwezo tuliweke pembeni.

Nafasi zinagawanywaje?

Tangu 2022 fainali hizo zina timu 20. Kumi ni za Marekani, kumi ni za dunia nzima iliyobaki. Japani ina nafasi yake peke yake. Canada vilevile, Mexico vilevile, Australia vilevile. Afrika, yenye nchi zaidi ya 50, inagawana nafasi moja na Ulaya nzima, na mchujo unachezwa kulekule Poland. Zamani tulikuwa kapu moja na Mashariki ya Kati. Mwaka 2013 kanda zilipangwa upya, Australia ikapewa nafasi yake, sisi tukahamishiwa kwa Wazungu.

Wenye mashindano wana hoja, tusiibeze. Mchezo ni wao, na wachezaji wengi wako kwao. Wanasema nafasi zifuate idadi ya wachezaji. Sawa. Ila mchezo hauwezi kukua mahali ambapo mtoto anajua kabisa mlango umefungwa.

Wapenzi wa soka wanaikumbuka hadithi hii kwa sura nyingine. Kombe la Dunia la 1966 nchi za Afrika zilisusia, kwa sababu bingwa wa Afrika alitakiwa kupambana tena na timu za mabara mengine ili apate nafasi. Susio lile lilizaa matunda: 1970 Afrika ilikuwa na nafasi yake na Morocco ikaenda. Kwa fainali za 2026, zenye timu 48, Afrika ina nafasi tisa za moja kwa moja. Besiboli bado iko kwenye 1966 yake. Hata kwenye Olimpiki ya Tokyo, Afrika Kusini ilishinda mchujo wa Afrika mwaka 2019 kisha ikapelekwa Italia kupambana na timu tano kutoka upande wa Ulaya, nafasi ikiwa moja tu. Ikaenda Israel.

Kwa maoni yangu, hapo hakuna haki, na mashirikisho ya Afrika yanatakiwa kuipigia kelele kanuni hiyo kwa pamoja. Nchi moja moja haitasikilizwa.

Umri: hapa kanuni ina haki, ila mzigo hauko sawa

Kanuni ya umri ni nyingine kabisa. Hiyo inamlinda mtoto. Mwaka 2001 timu ya Bronx, New York, ilitikisa mashindano hayohayo ya Little League kwa mrushaji mmoja aliyekuwa moto wa kuotea mbali. Baadaye ikagundulika ana miaka 14 badala ya 12, na matokeo ya timu yakafutwa. Kumbe udanganyifu si ugonjwa wa Afrika peke yake.

Nasi tumeonja pande zote mbili. Mwaka 2005 Serengeti Boys walifuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, wakaenguliwa kwa suala la umri na Zimbabwe ikachukua nafasi. Mwaka 2017 ikawa kinyume: Congo Brazzaville ilitutoa, Tanzania ikakata rufaa juu ya umri wa mchezaji mmoja, mchezaji huyo hakutokea kwenye kipimo, Congo ikaenguliwa na sisi tukaenda Gabon. Siku ile tulishangilia kanuni.

Kipimo chenyewe ni MRI ya kifundo cha mkono, ambacho soka la vijana linakitumia kuwabaini waliovuka miaka 17. Kwa mtoto wa miaka 12 hakisaidii kitu, mifupa yake bado inakua. Kinachobaki ni cheti cha kuzaliwa.

Na hapo ndipo Mbinga na Nyasa zinapoingia. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa kati ya watoto 100 wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano, ni 14 tu waliokuwa na cheti cha kuzaliwa. Watoto wale leo wako kwenye umri wa UMITASHUMTA na UMISSETA. Huku kwetu ongeza na mambo ya majina: nyumbani anaitwa jina la babu, kanisani kabatizwa jina lingine, shuleni mwalimu kaandika la tatu. Kwetu huyo ni mtoto mmoja. Kwa ofisa wa ubalozi ni watoto watatu, au ni udanganyifu.

Kanuni ingeweza kubaki kali bila kuwa ya kikatili. Ukaguzi wa umri ufanyike mapema, nchini kwa mtoto, miezi kadhaa kabla ya mchujo, na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo na rejista ya shule vikubaliwe kusomwa kwa pamoja. Anayeonekana na mashaka aondolewe hapo, kimyakimya, wenzake waendelee. Kumwacha mtoto ashinde, ashangiliwe, kisha aambiwe kwenye dirisha la viza kwamba hafai, huko ni kumuadhibu kwa kosa la watu wazima.

Tukisubiri hayo, kuna kazi ya nyumbani. Kwa aliye chini ya miaka mitano, mpango wa RITA ulioanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambaa mikoani unaandikisha bure kwenye vituo vya afya na ofisi za kata. Aliyevuka umri huo, mzazi anaenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya, Mbinga mjini au Mbamba Bay, akiwa na kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au uthibitisho wa shule. Kabla hujapanda gari, zipange karatasi zote mezani uangalie kama jina na tarehe vinafanana. Kama shule imeandika 2014 na kliniki 2013, anza na mwalimu mkuu.